Fiziotherapia kwa Mwenye Parkinson: Maswali ya Wananchi wa Dodoma na Singida

Parkinson ni ugonjwa gani, na fiziotherapia inasaidia nini?
Ni ugonjwa wa ubongo. Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayoongoza mwendo wa mwili, hufa kidogo kidogo. Mgonjwa hutetemeka mkono ukiwa umetulia, viungo hukakamaa na hatua hufupika. Dawa, hasa levodopa, hufidia kemikali iliyopungua, na fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, humfundisha mgonjwa kutembea, kugeuka na kuinuka salama. Ugonjwa hauponi, lakini mtu anaweza kuendelea kujihudumia kwa muda mrefu zaidi.

Kwetu wanasema ni uzee, wengine wanasema amelogwa.
Familia inapoona mzee wao anabadilika, ni haki yao kutafuta sababu. Parkinson haitokani na kulogwa, haiambukizi, na si kila mzee huipata. Tena si kila anayetetemeka anayo, ndiyo maana daktari lazima amwone. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta wagonjwa 33 kati ya wakazi wapatao 161,000, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini.

Tuanzie wapi?
Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, mwombe rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa pale Dodoma ikihitajika. Mwelezeni mganga dalili zilianza lini na upande upi, ameanguka mara ngapi, na dawa zote anazotumia zikiwemo za mitishamba. Ulizeni wazi: “Anaweza kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia?” Msingoje mpaka avunjike nyonga, maana mazoezi yanayoanza mapema ndiyo yanayofaa zaidi.

Na kama hatuna fedha?
Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaelekeza wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure. Pateni utambulisho kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na mkikwama hospitalini ombeni kumwona Afisa Ustawi wa Jamii. Hata asiyefikisha miaka 60 anaweza kusikilizwa hapo. Mwenye bima aulize mapema kama kifurushi chake kinagharamia fiziotherapia.

Tuko mbali. Nauli ya kila wiki hatuiwezi.
Mwambieni mtaalamu hivyo siku ya kwanza. Mazoezi mengi hayahitaji mashine, na anaweza kuwafundisha ya kufanya nyumbani, kisha mkarudi baada ya muda aone maendeleo. Anayemhudumia mgonjwa aingie naye chumbani, ayafanye mbele ya mtaalamu na kusahihishwa.

Jambo hili limejaribiwa hapa nchini. Huko Hai, wagonjwa ambao hawakuwa wameanza dawa walifundishwa kutembea kwa kufuata viashiria, yaani ishara za kuongoza hatua, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha mwendo wao uliboreka. Nyumbani, kiashiria kinaweza kuwa mistari ya majivu iliyochorwa uani, mgonjwa akiivuka mmoja mmoja kwa hatua ndefu. Kinaweza pia kuwa mdundo: kuhesabu, kupiga makofi, au ngoma anayoijua tangu ujana. Umbali wa mstari na mstari upangwe na mtaalamu.

Akifika mlangoni miguu inaganda. Tumvute?
Hapana, kumvuta kunaweza kumwangusha. Simama pembeni yake, mwache atulie, ahamishie uzito mguu mmoja, kisha mhesabie “moja, mbili” apige hatua kubwa. Unaweza kuweka mguu wako mbele ya wake auvuke. Asizungumzishwe wala kubebeshwa ndoo wakati huo, kwa kuwa kufanya mambo mawili pamoja humkwamisha zaidi. Ageuke kwa kuzunguka taratibu, si kwa kupinda mwili papo hapo.

Ni tahadhari gani nyingine?
Afanye mazoezi saa ambazo dawa inafanya kazi vizuri, karibu na ukuta au kitu imara. Akiamka akae kwanza kitandani, kwa sababu presha inaweza kushuka akapata kizunguzungu. Mpeni kiti cha kimo badala ya kigoda, ondoeni mikeka inayoteleza, na usiku acheni taa njia ya chooni. Akipata maumivu ya kifua, akizimia au akijigonga kichwa, mpelekeni hospitali mara moja.

Tumesikia mbegu za upupu zinatibu. Ni kweli?
Mbegu za upupu zina levodopa, na ndipo habari hiyo ilipoanzia. Lakini kiasi chake hutofautiana, na mtu akizichanganya na vidonge anaweza kuzidisha dozi, akatapika, akachanganyikiwa au kushukwa na presha. Kama mgonjwa ameshaanza kuzitumia, mwambieni daktari bila woga. Na asiache ghafla dawa za hospitali, kwani kufanya hivyo kunaweza kuhatarisha maisha yake.