Bezaleli katika Mtaa wa Gizenga



Somo la leo linatutoa Sengerema hadi Mji Mkongwe, Zanzibar, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Nyuma ya Ngome Kongwe kuna Mtaa wa Gizenga: njia nyembamba, maduka ya sanaa kila upande, vinyago mlangoni, michoro ya tingatinga imetundikwa ukutani. Dakika chache kwa miguu unafika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile la Minara Miwili, lililojengwa na wamisionari Wafaransa kati ya 1893 na 1898.

Tukipita mtaa kama huo, wengi wetu tunapiga picha ya kuposti, kisha tunaanza: "Mbona ghali? Si mbao tu na rangi!" Jina la aliyechora hatuulizi.

Sasa fungua Biblia, Kutoka 31:1-5. Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita Bezaleli kwa jina na kumjaza Roho wake. Ili afanye nini? Siyo kuhubiri, siyo kupigana vita. Ni kufua dhahabu, kukata vito, kuchonga mbao. Mungu anamjua fundi kwa jina. Sisi je?

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupakia baiskeli. Chuo cha sanaa hakusoma. Alifariki 1972, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake.

Wala si lazima upande boti. Vuka Daraja la Kigongo–Busisi, pita Mwanza mjini, nenda Bujora, Kisesa. Pale Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na Wasukuma waliacha kanisa la mviringo ambamo alama za utemi zinamtangaza Kristo Mfalme. Makumbusho ya Wasukuma yapo hapo hapo. Tembea taratibu. Kutazama vizuri nako ni kusali.

Halafu rudi nyumbani. Yule kijana wa jumuiya yenu anayechora bango la Pasaka kila mwaka, nani amewahi kumnunulia hata kopo la rangi? Tunamwambia "Mungu atakulipa", basi, imeisha. Kupatana bei siyo dhambi, ni desturi yetu. Lakini ipo bei ambayo ukiifurahia wewe, mwenzako analala njaa. Soma Luka 10:7.

Zoezi la wiki:
1. Tafuta kazi moja ya mikono hapa kwetu: mkeka, chungu, kinyago au mchoro. Itazame dakika tano, simu mfukoni.
2. Uliza jina la aliyeitengeneza, umwombee kwa jina hilo.
3. Ukinunua, lipa bei ambayo na wewe ungekubali kulipwa.

Na wewe unayechora kimya kimya nyuma ya daftari: usiache. Roho aliyemjaza Bezaleli ndiye uliyempokea siku ya Kipaimara.