Minestrone: mapishi ya supu nzito ya mboga ya Kiitaliano

Minestrone haina orodha moja ya mboga. Genoa huikoleza kwa pesto, Milano hutia mchele, Toscana huila na mkate uliokauka. Wakati wa baridi wanaingiza kabichi na boga. Joto likija ni zukini na maharage machanga. Kwa hiyo usihangaike ukikosa kitu kimoja. Yasiyobadilika ni mawili, na ndiyo yanayoifanya supu isiyo na nyama ishibishe: vitunguu vilivyoiva polepole kwenye mafuta, na maji yaliyochemshia maharage.

Anza na maharage usiku. Kwa watu sita loweka gramu 250. Waitaliano hupenda borlotti, yenye madoadoa mekundu. Rosekoko za masoko ya Kenya zinafanana nayo na zinafaa sana. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, uyachemshe kwa moto mkali dakika 10 kabla ya kupunguza. Dakika hizo usiziruke, maana maharage yasiyoiva yana sumu ya asili inayovuruga tumbo, na moto mdogo peke yake hauimalizi. Yakilainika, usimwage maji yake. Yale mazito yenye wanga ndiyo mchuzi wako, na ukishakuwa nayo huna haja ya vidonge vya supu, ambavyo chumvi yake hufunika utamu wa mboga ulizochagua kwa makini sokoni.

Sasa injika sufuria nzito yenye vijiko vikubwa 4 vya mafuta ya zeituni. Katakata vitunguu maji 2, karoti 2 na miti 2 ya selari viwe vidogo kama punje za mahindi. Mchanganyiko huu huitwa soffritto. Nyunyiza chumvi kidogo, weka moto mdogo, na uupe dakika 15 hadi 20 ukikoroga mara kwa mara. Haraka ya hapa hailipiki baadaye. Chumvi huvuta maji ya mboga, ukali wa kitunguu hupotea, utamu wa karoti huingia kwenye mafuta, nayo mafuta huusambaza supu nzima. Kitunguu kikigeuka kahawia, punguza moto: hiyo ni ladha ya pilau, na hapa tunataka kilainike na kung'aa tu.

Tia punje 2 za kitunguu saumu, kisha nyanya 3 zilizomenywa, upike hadi zipondeke. Nyanya haziingii sufuria moja na maharage kabla hayajaiva, kwa kuwa uchachu wake huyafanya yakawie kulainika.

Ponda nusu ya maharage, uyatie pamoja na maji yake na yale mazima. Viazi na boga vifuate, halafu kabichi. Toscana hutumia cavolo nero, majani ya kijani iliyokoza ambayo ni ya mmea ule ule wa sukuma wiki, Brassica oleracea. Basi tumia sukuma bila wasiwasi, uikate nyembamba. Zukini ziingie dakika 15 za mwisho. Kama una ganda gumu la jibini ya Parmigiano, likwangue, ulioshe na kulitumbukiza mapema. Huacha ladha nzito ajabu, nawe huliopoa wakati wa kupakua. Kwa jumla supu ichemke taratibu kama dakika 45.

Pellegrino Artusi, mwandishi wa kitabu mashuhuri cha mapishi cha mwaka 1891, alikula minestrone mjini Livorno mwaka 1855, tumbo likamsumbua usiku kucha, akailaumu supu. Baadaye akapata habari kwamba kipindupindu kilikuwa kimeuvamia mji. Kitabuni aliiweka, nayo ilistahili.

Ukipenda kuongeza tambi, zichemshie kando, uzitie kwenye bakuli la anayekula. Zikilala sufuriani hunyonya mchuzi wote na kuvimba.

Kinachobaki kiweke kwenye friji. Kesho yake panga vipande vya mkate mkavu sufuriani, mimina supu juu, ongeza maji kidogo, uipashe kwa moto mdogo hadi mkate umeguke na mwiko uanze kusimama. Hiyo ndiyo ribollita ya Toscana. Mafuta mabichi ya zeituni yamiminie sahanini, moto ukishazimwa, pamoja na pilipili manga iliyosagwa papo hapo.