Oksijeni na Upumuaji wa Bakteria wa Maji Baridi

Bakteria hawana mapafu, lakini hupumua. Kupumua kwao ni kuvunjavunja chakula ndani ya seli ili kupata nishati, kisha kukabidhi elektroni zitokazo humo kwa kipokezi fulani. Penye oksijeni, kipokezi hicho huwa oksijeni yenyewe, nayo huwapatia nishati nyingi kuliko vipokezi vingine.

Hata hivyo, oksijeni iyeyukayo majini ni kidogo: katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, lita moja huweza kubeba miligramu 8 hivi tu. Maji taka au mimea iliyooza ikizidi, bakteria huimaliza upesi. Hapo baadhi yao hutumia naitreti, na wengine salfeti. Hawa wa mwisho hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Ndiyo maana hata vilindi vya Ziwa Tanganyika, visivyo na oksijeni, vina bakteria hai.

Jambo hili lina uzito kwa afya. Bakteria wa kipindupindu, pamoja na baadhi ya wale wa matumboni, huweza kuishi penye oksijeni na pasipo nayo. Kwa hiyo kufunika mtungi huzuia uchafu mpya, lakini hakuui vimelea vilivyokwisha kuingia. Mgonjwa na aelezwe wazi kwamba maji kutuama, au kukosa harufu, si dalili ya usalama. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoelekezwa, ndipo yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko.