Nani Alikunywa Mafuta? Hesabu ya Passo Moja, Babati hadi Dodoma

Wiki ya kufungua chuo mwaka jana nilimwita mjomba wangu mwizi. Neno lenyewe sikulitamka. Nilimuuliza tu kwa simu, "Mjomba, risiti iko wapi?" naye akaelewa. Makala haya ni hesabu niliyotakiwa kuifanya kabla ya kupiga simu ile. Naiandika hapa kwa sababu kila muhula wengi wetu tunachangishana wese kwenye gari la ndugu au rafiki, halafu tunanuniana kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyelipima.

Mjomba anaishi Babati mjini, ana duka la vipuri vya bodaboda na Toyota Passo ya injini ya lita moja. Siku ile tulikuwa wanachuo watatu. Basi tuliliacha kwa sababu ya mizigo: gunia la mchele wa Magugu, ndoo za maharage, mabegi, na godoro tulilolifunga juu ya keria. Tuliondoka saa sita mchana wakati usajili unafungwa saa kumi, kwa hiyo njia nzima wimbo wetu ulikuwa mmoja: "Mjomba, kanyaga." Akakanyaga. Saa tisa na robo tukashuka hosteli, tukamuaga, akaenda peke yake kujaza tena tenki.

Jioni akapiga simu: zimeingia lita 19. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita (natumia namba hiyo ili hesabu iwe rahisi, maana EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi na kila mji una yake), hiyo ni shilingi 57,000. Sisi tulikuwa tumeshapiga hesabu yetu. Karatasi iliyokuja na gari kutoka Japani ilisema Passo hii inakwenda zaidi ya kilomita 20 kwa lita. Babati hadi Dodoma ni kilomita 251. Tukasema lita 12 zinatosha, shilingi 36,000, tukatuma hizo hizo. Mwenzangu mmoja akasema, "Mjomba wako katupiga." Ndipo nikauliza habari ya risiti.

Baada ya wiki mbili mama akanipigia: "Mjomba wako anasema msimtafute tena kwa safari. Umemwambia nini?"

Kupima kwanza

Likizo ilipofika nilikwenda dukani kwake. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha kimya. Mwishowe akasema, "Ijumaa nafuata vipuri Dodoma. Njoo na daftari, mpwa wangu. Safari hii upime mwenyewe."

Geji ya mafuta si kipimo. Mshale wake hushuka polepole nusu ya kwanza na haraka nusu ya pili, na taa ikiwaka kila dereva ana imani yake kuhusu kilomita zilizobaki. Njia ya uhakika ni ya tenki hadi tenki. Unajaza mpaka pampu ijikate yenyewe, unarudisha kihesabu safari kwenye sifuri, unasafiri, kisha unajaza tena kwenye pampu ile ile, gari likiwa limesimama pale pale, mpaka ijikate tena. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita, basi.

Tulipima kwenda na kurudi, si kwenda tu. Babati iko juu kuliko Dodoma kwa zaidi ya mita 200, kwa hiyo anayekwenda Dodoma anasaidiwa na mteremko na anayerudi anaulipia. Ukipima pande zote mbili, faida na hasara hiyo zinafutana.

Safari ya kwanza tulikuwa wawili, bila mzigo juu, mwendo wa 80 palipo wazi na 50 kwenye vijiji. Kilomita 508 pamoja na mizunguko ya mjini, lita 25.4. Ni kilomita 20 kwa lita. Karatasi ya Japani haikusema uongo.

Mwezi uliofuata tulikwenda 110 kila palipo wazi. Kilomita zile zile, lita 31.8. Ni kilomita 16 kwa lita.

Safari ya tatu tulirudi kwenye 80, ila nikaomba tufunge lile lile godoro juu ya keria, kwenda na kurudi. Mjomba alicheka: "Watu wa Kondoa watadhani tunatafuta pa kulala." Lita 29.9. Ni kilomita 17 kwa lita, na kwenye gari tulikuwa wawili tu.

Hewa ndiyo inayokula

Hapa ndipo somo la fizikia la kidato cha nne linaporudi. Gari likiwa kwenye lami tambarare, injini inapigana na vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni tairi kujikunja na kujikunjua zinapobingirika, na hiki hakibadiliki sana kwa mwendo. Cha pili ni hewa. Hatuioni, lakini kwa mwinuko wa barabara hii kila mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa karibu kilo moja, na gari lazima liisukume pembeni kilomita zote 251.

Kani ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 80 kwenda 110, mwendo umeongezeka kwa chini ya asilimia 40, lakini kani ya hewa imekaribia kuwa mara mbili: 110 gawanya kwa 80, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 1.89. Gari dogo halina msamaha hapa. Udogo wa injini unalisaidia mjini, kwenye foleni na kusimama-simama. Kwenye njia ndefu, anayeamua ni mguu wa dereva na umbo la kile kinachokutana na upepo. Passo imechongwa ili hewa ipite. Godoro halikuchongwa.

Sasa rudi kwenye siku yetu ya kufungua chuo. Mwendo wa 110, godoro juu, watu wanne, gunia na ndoo. Kihesabu safari kilisoma 253, lita 19, sawa na kilomita 13.3 kwa lita. Kama mwendo peke yake unaishusha gari hadi 16, na godoro peke yake hadi 17 hata kwa 80, basi vyote viwili pamoja na mzigo vinafika pale pale alipotuambia mjomba.

Na tulipata nini? Safari ya polepole ilichukua saa tatu na dakika 50. Ya haraka ilichukua saa tatu na dakika 20, kwa sababu kwenye vijiji na matuta wote mnakuwa sawa. Nusu saa ile ilikula lita tatu na kidogo, karibu shilingi 10,000. Tungeondoka Babati saa tano na nusu tungefika saa ile ile.

Matuta na mteremko wa Bereko

Barabara hii ilipozinduliwa Aprili 2018, sisi wa Babati tulipumzika. Kabla ya lami kukamilika, wengi walizunguka Singida ili kufika Dodoma. Lakini lami imekuja na matuta yake, na hayo nayo yana bei.

Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi. Injini hugeuza robo tu kuwa mwendo, nyingine inaondoka kama joto. Gari la kilo 1,100 likiwa kwenye 80 linabeba nishati ya mwendo ya takriban kilojuli 270. Ukifunga breki ghafla kwenye tuta, umeichoma nishati hiyo kwenye breki, na kuirudisha unahitaji mililita 34 za petroli, kama vijiko viwili vikubwa vya mezani. Ni kidogo, lakini matuta 30 ni lita nzima. Hapa mjomba ndiye aliyenifundisha. Yeye akiona kibao cha tuta anaachia mafuta mapema, gari linapungua lenyewe, breki anaigusa mwishoni tu.

Mimi nilimfundisha moja. Kwenye mteremko wa Bereko alikuwa na tabia ya kuweka frii, akiamini anaokoa. Kwenye gari za zamani za kabureta kulikuwa na hoja. Kwenye injini za sasa, ukiteremka ukiwa kwenye gia na mguu umeuachia, kompyuta ya gari hukata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini inabidi ile mafuta ili isizimike, na umepoteza msaada wake wa kushikilia gari, breki inabeba kazi yote na inapata moto. Na kuzima injini mteremkoni usithubutu: breki zinakuwa ngumu na usukani pia.

Yaliyobaki ni madogo ila ni ya bure. Pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa za baridi, kwa namba ya kwenye stika ya mlango wa dereva. Keria isiyo na kazi ishuke. Mzigo uingie ndani kwanza, juu iwe mwisho.

Deni

Hesabu ilionyesha kwamba siku ile mjomba alitoa mfukoni shilingi 21,000 kwa ajili yetu, akafunga duka siku nzima, na bado akaitwa mwizi. Nilimpelekea daftari nikiwa nimepigia mstari namba zote. Hakulifungua. Akasema, "Namba nilikuwa nazo tangu siku ile. Ungeniuliza kwa nini zimeingia nyingi, ningekwambia. Wewe uliniuliza risiti." Nikaomba radhi kwa mdomo, dukani pale, mbele ya wateja wake wawili.

Kwa hiyo mwanachuo mwenzangu, mnapochangishana safari ijayo, kubalianeni kabla ya kuwasha gari: tunajaza wapi, tunakwenda mwendo gani, nini kinapanda juu, na mmoja wenu ashuke na dereva wakati wa kujaza tena. Dakika hizo tano zinalinda mfuko, na zinalinda undugu.

Sehemu yangu ya 7,000 nimelipa. Mwenzangu mmoja amelipa. Yule aliyesema tumepigwa anasubiri boom litoke.