Nguo Njema Hujulikana Ikifuliwa



Neno la kutuongoza: 2 Timotheo 4:9-13. Lisome kwanza kwenye Biblia yako, halafu urudi hapa.

Wapendwa vijana, katika barua hiyo kuna jambo dogo ambalo wengi tunalipita haraka. Paulo yuko kifungoni na anajua mwisho wake umekaribia. Marafiki wengi hawapo karibu naye. Anamwomba Timotheo aje upesi, na akija amletee vitabu vyake pamoja na joho lake lililobaki Troa nyumbani kwa Karpo. Yaani Mtume wa Mataifa, aliyeandika mambo mazito kuhusu neema na ufufuko, anaulizia vazi lake la zamani! Wala hasemi anunuliwe jipya. Mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini, mpaka Jumamosi moja nikiwa sakristia hapa Ulyankulu.

Alba mbili

Niko hapa kwa mwaka wa kichungaji baada ya kumaliza falsafa. Kwa asiyepafahamu, Ulyankulu iko mkoani Tabora, wilaya ya Kaliua, nchi ya miombo, asali na tumbaku. Ni eneo walilopewa ndugu zetu wengi waliokimbia Burundi mwaka 1972, na wengi wao leo ni raia wa Tanzania.

Jumamosi hiyo nilikuwa naandaa mavazi ya Misa ya kesho yake. Kabatini kulikuwa na alba mbili. Moja ilikuwa ya kitambaa chepesi cha kung'aa, haina hata miaka miwili. Nyingine ilikuwa ya pamba nzito, nadhani imenizidi umri, na chini ya kiwiko ina kiraka. Nikamwambia mama mmoja wa WAWATA, ambaye kwa miaka mingi ndiye anayefua vitambaa vya altare, "Mama, hii ya zamani si tuitoe tu? Imechakaa."

Akaacha pasi yake ya mkaa, akanitazama. "Frateri, hiyo haijachakaa. Imelainika. Kuchakaa na kulainika ni vitu viwili."

Akazigeuza zote mbili nje ndani. Ile mpya ilikuwa imeshonwa mstari mmoja tu, na kwenye kwapa mshono ulishaanza kuachia. Zipu yake ilikuwa imeng'oka. Kola ilikuwa imejaa vipunjepunje, na weupe wake ulishageuka njano. Ile ya zamani, kila mshono ulikuwa umekunjwa na kushonwa mara mbili, hakuna ncha ya uzi inayoning'inia. Kwenye pindo la chini niliona alama za mishono mitatu ya zamani. Mama akanieleza kuwa mafrateri watatu wa vimo tofauti waliwahi kuivaa, na kila mara fundi alishusha au kupandisha pindo, maana aliyeishona kwanza aliacha akiba ya kutosha.

"Hii merikani," akasema. "Ilipokuwa mpya ilikuwa ngumu kama turubai. Sasa iguse." Nikaigusa. Ilikuwa laini, lakini nzito mkononi, na weupe wake ulikuwa umetulia, si ule wa kuumiza macho.

Sasa niwaambie ukweli. Wiki hiyo nilikuwa na barua kwenye simu yangu, nimeshaiandika na bado sijaituma. Ilikuwa ya kumwomba mlezi wangu niache seminari. Hakukuwa na kashfa wala ugomvi. Ni kwamba ule moto wa kwanza, ule uliokuwa unaniamsha saa kumi na moja alfajiri nikiwa na furaha, ulikuwa umezimika. Nilikuwa nasali kavu. Rozari ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Tabora mjini. Nikahitimisha kwamba wito wangu umechakaa. Kumbe sikuwa nimewahi kutofautisha kuchakaa na kulainika.

Kitambaa kilichopita Tabora

Neno hilo la mama, merikani, lina historia hapahapa kwetu. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na ile iliyopanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda ilipitia Tabora. Wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi, na sehemu kubwa ya mizigo waliyobeba mabegani ilikuwa vitambaa. Kitambaa kilikuwa fedha. Ulilipa hongo kwa kitambaa na ukanunua chakula kwa kitambaa. Vipimo vilikuwa shuka na doti, na hadi leo mama zetu wananunua kanga kwa doti.

Si kwamba huku bara watu walikuwa hawajui nguo. Mwingereza Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliwakuta Wanyamwezi wakifuma pamba kwa mitambo yao wenyewe. Kwa hiyo walikuwa wanunuzi wanaojua kitambaa. Na katika vitambaa vya kutoka ng'ambo, kilichopendwa sana kilikuwa pamba nzito isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts, Marekani, na ndipo lilipotoka jina merikani. Watengenezaji wa Uingereza walijaribu kukiiga, lakini wateja wa pwani na bara waliendelea kuulizia kile cha awali kwa sababu kilikuwa kinadumu.

Viwanda vingi vya zamani hizo vilikuwa na mbinu yao: kitambaa chepesi kililishwa wanga (wanga wa kupigia pasi jamani, si wale wa usiku!) na hata udongo mweupe, ili dukani kionekane kizito na kizuri. Ukikifua mara ya kwanza, wanga unakwenda na maji, unabaki na kitu kama chandarua. Merikani ya kweli nayo ilikuwa na wanga wake. Lakini wanga ukitoka, kulikuwa na uzi.

Hapo ndipo somo letu lilipo.

1. Usiogope wanga unapotoka

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kila mwanzo una wanga wake. Unatoka kwenye kongamano la vijana umewaka, unaahidi kusali kila siku. Unaanza uchumba, kila ujumbe wa simu unakuchekesha. Unaingia kwaya, unafika wa kwanza mazoezini. Mungu ni mwema, anatupa utamu huo ili tuanze. Ila utamu huo si kitambaa chenyewe.

Ikifika siku ya kufuliwa, yaani ukavu wa sala, mtihani uliofeli, mwenzako aliyeugua, mradi wa VIWAWA uliokufa, mng'ao unaondoka. Wengi wetu hukimbia saa hiyohiyo. Tunahama kikundi, tunahama uchumba, wengine tunahama hata Kanisa, tukitafuta mahali pengine penye mng'ao mpya. Huko nako tutafuliwa.

2. Uzi ni matendo yanayorudiwa

Darasani tulijifunza neno la Kilatini, *habitus*. Linatokana na kitenzi chenye maana ya kuwa na kitu, nalo lilitumika kwa mwenendo wa mtu na pia kwa mavazi yake. Mt. Thomas wa Akwino analitumia kueleza fadhila ni nini: ni hali iliyokaa ndani ya mtu hata akawa anatenda mema kwa wepesi, bila kusukumwa kila mara. Kabla yake Aristotle alishafundisha kwamba mtu huwa fundi ujenzi kwa kujenga, na huwa mwenye haki kwa kutenda haki.

Nguo inavyovaliwa inajifunza mwili wa mwenye nayo. Kiwiko kinapata mkunjo wake, bega linakaa mahali pake. Fadhila nayo ni hivyo. Mwanzoni kusema ukweli kunakubana kama kola mpya. Ukirudia na kurudia, siku moja unakuta uongo ndio unaokuwasha mwilini.

Lakini tusijidanganye kwamba tunajishonea wokovu wenyewe. Vazi lenyewe tulipewa bure kwenye ubatizo, Mt. Paulo anasema tulimvaa Kristo (Gal 3:27). Kazi yetu ni kulivaa kila siku, badala ya kulitundika kabatini na kulitoa Pasaka na Noeli.

3. Acha akiba ya pindo

Nguo iliyoshonwa kwa ubahili wa kitambaa haiwezi kurekebishwa. Mvaaji akirefuka, nguo imekwisha. Mtu asiyekubali kuambiwa, asiye na nafasi ya kubadilika, ni nguo isiyo na akiba. Hana baya leo, ila hatakua.

Na fundi zetu wana ufundi mwingine: kola ya shati ikilika kwenye mkunjo, wanaifumua, wanaigeuza, upande mzima unakuja juu, shati linaendelea kwa miaka. Mimi kila nikienda kitubio siku hizi nafikiria kola hiyo. Kuongoka ni kukubali kufumuliwa na kugeuzwa. Panauma kidogo, lakini shati halitupwi.

4. Kiraka si aibu

Soma Yohana 20:24-29. Kristo Mfufuka, mwenye mwili mtukufu, anarudi kwa wanafunzi wake na alama za misumari. Angeweza kuja bila hata kovu. Amezihifadhi, na kwa alama hizohizo Tomaso anamtambua Bwana wake. Kumbe mahali palipochanika na kuponywa panaweza kuwa mahali pa kukutana na Mungu. Msichana aliyeanguka na kusimama tena, kijana aliyeacha pombe na bado anapambana: usione haya kwa kiraka chako. Kuna mtu atakutambua kwa hicho, apate moyo.

Tahadhari moja

Si kila cha zamani ni chema. Bwana wetu mwenyewe alionya kuhusu kushona kiraka kipya kwenye vazi kuukuu (Mt 9:16). Kitambaa kilichooza hakishiki uzi, kila ukishona kinachanika pembeni. Uhusiano wenye kipigo, urafiki unaokuvuta kwenye dhambi, kazi ya kuwaibia watu: usiviite uvumilivu. Vijana wanaochagua mitumba mnadani wanajua namna ya kupima. Hawadanganywi na lebo. Wanageuza nje ndani, wanavuta mshono taratibu, wanainua kitambaa kwenye mwanga. Wewe nawe fanya hivyo na mambo yako, ukiwa na padre au mlezi unayemwamini. Ukikuta wanga umetoka lakini uzi upo, baki. Ukikuta kumeoza, ondoka na usijilaumu.

Mimi nilimpelekea mlezi wangu ile barua, nikaisoma mbele yake. Tukaivuta mishono pamoja, karibu saa mbili. Uzi ulikuwepo. Bado nasali kavu siku nyingi, lakini niko hapa, na watoto wa mafundisho wakiniona kwa mbali wananikimbilia.

Nguo ya mtoto mchanga

Kabla sijatoka sakristia siku ile, mama alinisimulia jambo. Mwaka 1972 alikuwa mtoto wa mgongoni. Mama yake alivuka naye mpaka akiwa amembeba kwa kitenge kimoja, mbeleko pekee aliyokuwa nayo. Kitenge hicho kikabeba wadogo zake wote waliozaliwa huku. Kilifuliwa mpaka maua yake yakafutika.

"Ndipo kikawa kizuri," akasema. "Frateri, mtoto mchanga hafungwi kanga mpya, itamkwaruza. Unatafuta ile ya zamani kuliko zote."

Nikaelewa kwa nini Paulo aliulizia joho lake. Nikaelewa pia Mungu anatutakia nini tunapofuliwa. Anatuandaa tuwe laini kiasi kwamba anaweza kumkabidhi kwetu mtu aliye dhaifu, asijeruhiwe.

Maswali ya kujipima

1. Ni jambo gani katika imani yangu ambalo limepoteza mng'ao? Je, limechakaa au limelainika?
2. Ni tendo gani jema dogo ninaloweza kulirudia kila siku mpaka likae mwilini?
3. Mara ya mwisho nilipokosolewa, nilikuwa na akiba ya pindo?

Zoezi la wiki

Chukua nguo yako moja iliyochanika. Ishone, au ipeleke kwa fundi. Wakati unashona, mtaje mbele ya Mungu mtu mmoja mliyeachana vibaya, na kabla ya Jumapili mtafute.

Tusali

Ee Bwana Yesu, ulituvika wewe mwenyewe siku ya ubatizo wetu. Mng'ao wetu unapotoka, tusaidie tusikukimbie. Fumua palipokaa vibaya, shona palipochanika, utufue mpaka tuwe laini mikononi mwako na kwa wenzetu. Mama Maria, uliyemvika Mtoto Yesu nguo zake za kwanza, utuombee. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo, Frateri wenu wa Ulyankulu. Mniombee, nami nawaombea.