Tangi Likimeta Si Kusema ni Safi: Somo la Kutunza Vifaranga wa Samaki

Somo la leo linatoka hapa Ziwani, Nairobi, na karo yake tulilipa sisi wenyewe.

Kikundi chetu kinafuga gapi, wale samaki wadogo wa mapambo wenye mikia ya rangi, pamoja na uduvi wa maji baridi. Hatuna mahali pa kuchimba bwawa, lakini tangi la kioo linatosha juu ya meza. Gapi huzaa watoto wakiwa hai, na samaki wakubwa huwala, hata mama yao mwenyewe. Kwa hiyo vifaranga wana tangi lao.

Siku moja tulikuwa tunangoja wageni. Tangi lilikuwa na ukijani, tukaona haya. Tulikubaliana sote lisafishwe. Dada aliyekuwa zamu akamwaga maji yote, akasugua kioo na mawe, akaosha sponji kwenye mfereji, akajaza maji mapya. Tangi likametameta! Kesho yake asubuhi karibu vifaranga wote walikuwa wamekufa, na uduvi pia. Pesa ya miezi kadhaa ilikwenda hivyo. Tukamlaumu yule dada kwa uzembe, naye akakaa wiki mbili bila kuja mkutanoni. Baadaye tulijifunza ukweli, tukaenda kwake kumwomba msamaha.

Ni nini kiliwaua?

Maji ya mfereji wa Nairobi, mengi yakitoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, hutiwa klorini ili sisi tusiugue. Klorini hiyo huchoma matamvua ya samaki. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza.

Ya pili haionekani kwa macho. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Ndani ya sponji na juu ya mawe huishi bakteria wazuri. Hao hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, kisha kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Ukiosha sponji kwa maji yenye klorini, unaua wafanyakazi wako. Kuwapata wengine huchukua kama wiki 4 hadi 6.

Sasa tunafanya hivi:

1. Maji mapya tunayaweka kwenye pipa wazi siku nzima, saa 24, tukiyakoroga mara kwa mara ili klorini iruke. Siku za mgao wa maji, pipa hili hutusaidia pia.

2. Hatumwagi maji yote. Tunatoa sehemu moja kwa tano, mara mbili kwa wiki, na kurudisha polepole maji ya joto lile lile.

3. Uchafu wa chini tunauvuta kwa mpira mwembamba uliofungwa kitambaa cha soksi ya nailoni mdomoni. Maji yanaingia kwenye karai jeupe, ili kifaranga akiponyoka aonekane na kurudishwa.

4. Sponji tunaikamua ndani ya maji yaliyotoka tangini, si ya mfereji. Tukianzisha tangi jipya, tunaweka ndani yake sponji ya tangi la zamani.

5. Chakula ni kidogo, mara nne kwa siku. Kilichobaki baada ya nusu saa kinatolewa. Wengi wetu tulifikiri kulisha sana ndiyo kupenda. Kumbe tulikuwa tunatia sumu. Uduvi husaidia kula masalio na ukijani, lakini nao wananya, kwa hiyo msiwaachie kazi yote.

6. Sabuni haikaribii tangi. Ukipuliza dawa ya mbu au mende chumbani, unaweza kuwaua wote, na uduvi hufa upesi zaidi. Vile vile soma karatasi ya dawa ya samaki: zenye shaba huua uduvi.

7. Stima ikipotea, pampu ya hewa husimama. Usilishe. Chota maji ya tangi kwa kikombe uyamimine taratibu kutoka juu, ili yapate hewa.

Maji machafu hatuyatupi. Tunamwagilia sukuma wiki iliyopandwa kwenye magunia, nayo inastawi. Ila maji yaliyotiwa chumvi au dawa hatuyapeleki huko.

Ninyi mlio mashambani mtauliza gapi wanawahusu nini. Tangu mpango wa serikali wa mabwawa ulioanza 2009, vikundi vingi vya Kenya vimefuga ngege na kambale. Vifaranga wao wakiwekwa kwenye tangi au karai, sheria ni hizi hizi.

Kwetu kuna daftari la zamu: nani alilisha, nani alibadilisha maji, wangapi wamekufa. Wakifa, tunasoma daftari kwanza kabla ya kumtazama mtu.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Katika mradi wenu, kuna kazi gani inayoonekana nzuri kwa macho lakini inaleta hasara?

2. Hasara ikitokea, huwa mnatafuta sababu au mnatafuta mtu?

3. Nani atapewa zamu wiki hii, na amefundishwa?