Vidokezo 10 vya Kuuza Mifarishi ya Viraka Mtandaoni

Umekata kitenge, umeunga viraka, umetandaza pamba katikati na kushona matabaka yote matatu yakashikana. Mfarishi umekamilika, na sasa inaanza kazi ya kuuza. Dukani Kariakoo mteja hukishika kitu, hukivuta, hukigeuza nyuma, ndipo afungue pochi. Mtandaoni hawezi. Anategemea picha zako, vipimo vyako, maelezo yako na uaminifu wako. Mwenye duka la mtandaoni anayelielewa hilo ana nafasi nzuri ya kuishi kwa kazi ya mikono yake. Anza na haya kumi.

1. Fua kabla ya kukata

Kitenge kipya cha pamba hurudi kikifuliwa, na vingine huchuja. Kiraka chekundu kikikichujia cheupe nyumbani kwa mteja, umempoteza yeye pamoja na wote atakaowasimulia. Loweka kila kitambaa peke yake kwenye maji ya baridi, suuza, anika kivulini, piga pasi. Kisha kisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiendelea kutoa rangi, kitafutie kazi nyingine. Usitegemee chumvi wala siki, haviwezi kuikaza rangi ambayo haikushika tangu kiwandani.

2. Taja vipimo vya kitanda

Kwetu vitanda hutajwa kwa futi: 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Kwa hiyo usiandike "mkubwa" au "wa kati". Kwa kitanda cha 5 kwa 6, ongeza futi moja ya kuning'inia kila ubavu na moja upande wa miguu, upate mfarishi wa futi 7 kwa 7, yaani inchi 84 kila upande. Kata viraka vya inchi 6 na nusu. Mshono ukichukua robo inchi kila ukingo, kiraka hubaki inchi 6. Utahitaji viraka 14 kwa 14, jumla 196. Andaa kama yadi 7 za juu na 5 za chini. Bandika hesabu hii ukutani karibu na cherehani.

3. Uliza mteja anakaa wapi

Miezi ya Juni na Julai, mtu wa Makete, Njombe au Limuru anataka uzito na joto. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anataka pambo la kitanda lisilomtoa jasho usiku. Shona aina mbili: wenye tabaka nene la pamba kwa nyanda za juu, na mwepesi kwa Pwani, wenye pamba nyembamba sana au usio na pamba kabisa. Andika unene waziwazi kwenye tangazo. Ile minene ianze kutangazwa Aprili, ili oda zifike baridi haijashuka.

4. Piga picha tano za kila mfarishi

Ya kwanza uwe umetandikwa kitandani, wote uonekane. Ya pili uwe umekunjwa. Ya tatu isogee hadi kwenye mishono. Ya nne ionyeshe upande wa nyuma, kwa sababu mnunuzi makini huangalia huko kwanza. Ya tano iwe na futi kamba, ili ukubwa wa kiraka uonekane. Piga asubuhi karibu na dirisha, taa ikiwa imezimwa. Usitumie vichujio vya kung'arisha. Kama ni bluu iliyokolea, ionekane bluu iliyokolea, na uiandike hivyo hivyo. Mteja akipokea rangi ile ile aliyoiona, ndiye atakayekutangazia bure.

5. Weka bei hadharani, na ujihesabie mshahara

"Bei njoo inbox" inafukuza watu. Wengi wanaiona kama ishara ya kupandishiwa bei kulingana na sura ya akaunti zao. WhatsApp Business ina katalogi, kwa hiyo weka humo kila mfarishi na bei yake.

Ila hesabu kwanza. Tuseme vifaa vimegharimu Sh 80,000, umeshona saa 25 kwa Sh 3,000 kila saa, sawa na Sh 75,000, na umeme, bando na matengenezo ya cherehani vimekula Sh 15,000. Hapo umetumia Sh 170,000. Weka faida ya asilimia 20, Sh 34,000, bei inakuwa Sh 204,000. Tarakimu zako zitakuwa tofauti, lakini mstari wa saa zako usiufute kamwe. Mafundi wengi huuza kwa hasara bila kujua, kwa kuwa walijisahau kwenye hesabu.

Mteja akiuliza, "Dada, bei ya mwisho?" mjibu kwa upole: "Bei ni hiyo dada yangu, lakini ninao wa 4 kwa 6 wa bei nafuu zaidi." Badala ya kupunguza thamani ya kazi, punguza ukubwa.

6. Mtaje aliyeshona

Katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake weusi, wengi wao wa vizazi vya watumwa, walishona mifarishi kwa nguo kuukuu ili familia zipate joto. Mwaka 2002 mifarishi yao ilionyeshwa katika jumba la makumbusho huko Houston, na mwaka 2006 ikachapishwa kwenye stempu za Marekani. Mwaka 2021 baadhi yao walifungua maduka yao wenyewe kwenye Etsy, kila duka kwa jina la mshonaji wake.

Nawe fanya hivyo. Shona kitambaa kidogo pembeni chenye jina lako, mji na mwaka. Kwenye tangazo eleza viraka vilitoka wapi na nani kakufundisha kazi. Mfarishi wa kiwandani hauwezi kusema hayo.

7. Pokea oda kwa masharti yaliyoandikwa

Sendoff, kicheni pati, arobaini ya mtoto: hapa ndipo oda nono zilipo. Ni hapa pia ugomvi huzaliwa. Kabla ya kukata kitambaa, mwandikie mteja ujumbe mmoja wenye ukubwa, rangi, bei, tarehe ya kukabidhi na malipo ya awali. Akijibu "sawa", anza. Nusu ya bei mkononi ni utaratibu wa haki, maana mfarishi wenye jina la bibi harusi hauwezi kuuzwa kwa mwingine. Ukihitaji wiki tatu, sema nne. Umeme utakatika, mtoto ataugua, na shughuli haiahirishwi kwa ajili ya fundi.

8. Angalia salio, usiamini picha ya muamala

Tumia Lipa Namba, au Till ukiwa Kenya, iliyosajiliwa kwa jina la duka. Mteja akiona jina analolijua, hofu inapungua. Nawe jilinde: meseji ya malipo hughushiwa kirahisi, na picha ya simu ya mtu si ushahidi. Fungua akaunti yako mwenyewe, uone pesa, ndipo mzigo utoke. Anayekuharakisha mno, bodaboda yake tayari mlangoni, mwambie kwa heshima asubiri uhakiki.

9. Funga mzigo ukijua utanyeshewa

Mfarishi uingie kwanza kwenye nailoni safi iliyofungwa vizuri, kisha kwenye mfuko wa salfeti ulioshonwa mdomo. Andika jina na simu ya mpokeaji pande mbili. Ukituma kwa basi, mpe mteja papo hapo picha ya risiti, jina la basi na namba ya wakala. Ndani weka kadi ya matunzo: ufuliwe kwa maji ya baridi na sabuni laini, ukamuliwe kwa kubanwa bila kusokotwa, uanikwe kivulini ukiwa umelazwa au umekunjwa juu ya kamba, usining'inizwe kwa ncha moja. Taja pia siku ambazo mteja anaweza kurudisha. Ahadi ya kurudisha humpa ujasiri yule ambaye hajawahi kununua kwako.

10. Andika kila shilingi, na usajili jina

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mistari linatosha: tarehe, mteja, mfarishi, gharama, malipo, faida. Baada ya miezi michache litakuonyesha ukubwa unaotoka sana na rangi inayolala rafuni. Pesa ya duka ikae kwenye laini yake, mbali na ya sokoni. Kwa Tanzania, chukua TIN kutoka TRA na usajili jina la biashara BRELA. Kwa Kenya, pata PIN ya KRA na usajili jina kupitia eCitizen. Hoteli au ofisi inayotaka mifarishi 20 itakuuliza hati hizo kabla ya kuuliza bei.

Usisubiri kuwa na mifarishi 30 wala simu ya bei mbaya. Shona mitatu kwa uangalifu, ipige picha vizuri, andika vipimo na bei, kisha ipandishe wiki hii. Na mteja wa kwanza akipokea mzigo wake, mpigie umuulize kama kitanda chake kimependeza.